Mwaka Niliokataa Kutia Dole

Mwanatumu amefariki mwezi uliopita huko Jego, na mimi nilikuwa mmoja wa wanawake watatu waliomwosha. Nilipommiminia maji begani niliona jinsi alivyokuwa amekonda, nikakumbuka kwamba nilipokuwa na umri wa miaka ishirini hakuna mtu niliyemwogopa kama mwanamke huyu. Alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu wa kwanza. Tuliishi ua mmoja pale Msambweni, na mwaka wa mwisho mzima niliamini kwamba yeye ndiye jicho la mama yake na sikio la kaka yake. Watoto wangu wanajua kwamba niliwahi kuolewa kabla ya baba yao. Hawajui niliachwaje, wala hawajui kwa nini kila wanaponiletea karatasi, hata ya hospitali, huishika muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Hunicheka, nami huwaacha wacheke. Sasa kwa kuwa Mwanatumu hayupo, sioni tena sababu ya kunyamaza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru ukiwa bado hautajwi kwa sauti. Mume wangu, Hamisi, alikuwa karani katika shamba la miwa, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, na huo ulikuwa mwaka wetu wa tatu wa ndoa. Tulikaa nyumba ya mama yake, mavyaa wangu. Chumba chetu kilikuwa cha kwanza upande wa kulia unapoingia, chenye dirisha moja dogo linaloangalia barazani. Chumba cha mavyaa wangu kilikuwa mkabala, na cha Mwanatumu nyuma yake, kikitazamana na jiko. Ukuta kati ya chumba chetu na jiko ulikuwa wa udongo uliopasuka juu, na kupitia ufa ule nilisikia mengi kuliko niliyotaka kusikia. Mahari yangu ilikuwa minazi arobaini iliyoko Diani. Kwetu mtu anaweza kuwa na mnazi bila kuwa na ardhi unaposimama, na mimi nilikuwa na arobaini, nikipata mbata, zile nazi kavu za kuuza, na vifuu vyake kila msimu wa kuangua, ingawa miaka yote hiyo aliyeshika hesabu ni Hamisi. Sikumwuliza. Mke mchanga aliyemwuliza mumewe hesabu alionekana amefundishwa na watu wabaya.

Siku moja alirudi kabla ya alasiri, jambo ambalo hakulizoea, akiwa na halwa ya Mombasa kwenye kikapu kidogo cha ukili. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Akaketi kwenye kigoda karibu nami, mtu ambaye jikoni alikuwa hapiti ila akitafuta maji, akanimegea halwa kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa nzuri, ya moto bado katikati, yenye iliki nyingi. Niliitafuna polepole nikijiuliza nimefanya nini cha kustahili halwa. Miaka mitatu hakuniletea hata njugu. Baada ya kunitazama nikimeza tonge la pili, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kikopo cha wino.

"Mwanakombo," akaniambia, "tia dole hapa chini."

"Ni karatasi ya nini?"

"Ya serikali. Kodi ya minazi. Wanataka kila mwenye minazi atie dole."

"Nisomee."

Akasoma haraka, kwa sauti aliyozoea kuwasomea vibarua majina yao. Kodi, minazi, serikali, Diani. Niliangalia karatasi. Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, herufi za Kiarabu nilizijua, na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi hizo niliweza kuisoma na kuijibu. Lakini hii ilikuwa kwa herufi za Kizungu, na kwangu zilikuwa kama nyayo za kunguru mchangani.

"Niandikie kwa herufi za chuoni, niisome mwenyewe," nikasema.

Akacheka. "Serikali haijui herufi za chuoni."

"Basi ngoja. Mikono yangu ina mafuta ya nazi, dole litatapakaa. Nikimaliza kupika nitanawa."

Akaitazama mikono yangu, na kweli iling'aa mafuta. Akaiweka karatasi chini ya mto kitandani, akaenda kusali. Mwanatumu alikuwa ameinama mlangoni akichambua mchele kwenye uteo. Alikuwa amesikia kila neno. Alinyanyua macho akanitazama, akayarudisha kwenye mchele. Sikuyasahau macho yale, na nilipoyafikiria baadaye niliyapa maana moja tu: alikuwa amewekwa pale ahakikishe.

Mtaa wetu ulikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Salama, fundi wa kushona kofia, aliyeolewa mara nne na kuachwa mara nne. Mavyaa alinikataza kukaa naye. Alisema mguu wake ukiingia nyumba, ndoa hutoka kwa mlango wa uani. Bi Salama mwenyewe hakuona haya. "Wa kwanza aliniachia mtoto," alizoea kusema, "wa pili cherehani, wa tatu kusoma, na wa nne maumivu ya kiuno." Wa tatu alikuwa karani wa bandarini, naye ndiye aliyemfundisha herufi za Kizungu. Wakati Hamisi yuko msikitini nilinawa mikono, nikaitia karatasi ile kifuani, nikavuka njia, nikampa.

Alisoma mara mbili kabla ya kunena. "Hapa pameandikwa kwamba wewe, Mwanakombo, umeomba mwenyewe kuachwa. Na kwamba kwa kuachwa huko unamrudishia mumeo mahari yote, minazi arobaini ya Diani. Hakuna neno kodi humu."

Sasa nilikuwa na watu wawili walionisomea karatasi moja, kila mtu na maneno yake. Nani niliyepaswa kumwamini? Mume ambaye hakuwahi kuniletea halwa, au mwanamke ambaye mtaa mzima ulisema anapenda kuona nyumba zikivunjika? Nilimwomba anionyeshe neno moja, lile linalosema talaka. Akalitia kidole. Nikachukua kipande cha karatasi ya sukari na kijiti cha mkaa, nikalinakili mstari kwa mstari kama mtu anayechora jahazi asilowahi kulipanda. Kisha nikaikimbiza karatasi ya Hamisi nyumbani, nikairudisha chini ya mto, nikanawa mkaa, nikatia tena mafuta mikononi.

Kesho yake nilikuwa na ruhusa ya kwenda hospitalini kumchukulia mavyaa dawa ya macho. Dresa aliyekuwa akigawa dawa alikuwa mtu wa bara, hakunijua mimi wala mume wangu, na ndiyo maana nilimchagua. Nilimpa kile kipande nikamwuliza, "Neno hili nini?"

Akalisoma bila kufikiri. "Talaka, dada. Nani anaachwa?"

Nikamwambia hakuna. Nikachukua chupa ya dawa, nikarudi nyumbani.

Wiki ile yote Hamisi aliniletea wino na kila siku mikono yangu haikuwa tayari. Siku ya nne halwa ilikwisha, na upole nao ukaisha. Siku ya saba nilikuwa nimelala chumbani mchana, nina homa kidogo, nikasikia sauti jikoni kupitia ule ufa. Mavyaa alikuwa akimenya muhogo. Nilisikia maganda yakidondoka kwenye ungo.

"Si umwache tu, mwanangu? Hajakuzalia."

"Nikimwacha mimi, mama, minazi ni yake. Na kuna Mzungu anataka kununua kile kiwanja changu cha Diani chote, minazi na ardhi pamoja, kabla ya Ramadhani. Aombe mwenyewe. Mke akiomba, anarudisha."

"Haombi."

"Ataomba. Mtu akikosa raha huomba."

Mavyaa akasema, "Mwanatumu, umesikia? Huko kwake usipeleke kitu." Sikusikia Mwanatumu akijibu. Nilingoja jibu lake kuliko nilivyongoja pumzi yangu, na kwa kuwa sikulisikia, nilihesabu kwamba ametikisa kichwa kukubali.

Nilimpelekea Bi Salama habari hizo. Hakushangaa. Aliendelea kudunga sindano kwenye kofia huku akinifundisha. "Mambo mawili tu. La kwanza, neno 'niache' lisikutoke kinywani, hata ukiwa na hasira, hata ukiota. Ukilitamka mbele ya watu, watalichukua. La pili, usitoke nyumbani ukaenda kwenu. Ukitoka bila ruhusa watasema umeasi, na mke aliyeasi, nafaka yake, ile haki ya kulishwa, hutoka naye. Kaa humo humo. Wacha yeye ndiye achoke."

"Na wewe unapata nini katika haya?" nikamwuliza. Najua ilikuwa jeuri.

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilipoachwa mara ya kwanza nilitia dole," akasema, akarudi kwenye kofia yake.

Basi nikakaa. Miezi mitano nilikaa katika nyumba isiyonitaka, na sijui leo niielezeje. Hamisi aliacha kuleta kitoweo. Ufunguo wa sanduku la unga ukahamia shingoni kwa mavyaa. Mchana walipika sima na mchuzi wa papa, harufu ikanijia kupitia ufa, wakala wote ukumbini na sinia likarudi jikoni limekombwa. Nilikula muhogo niliouchimba mwenyewe nyuma ya choo, na ndizi Bi Salama alizonirushia juu ya ua. Nilijifunza kuongea kama mtu anayetembea juu ya miiba. Mavyaa alinichokoza makusudi mbele ya majirani: "Kama hapa pamekushinda si useme?" Nami nikajibu, "Hapajanishinda, mama. Nimeolewa hapa." Nilianza kuwashuku wote, hata muuza maziwa aliyesimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikiamka nilitazama vidole vyangu, kama vina wino.

Na kila siku, jua likianza kulala, Mwanatumu aliniwekea bakuli kwenye kizingiti cha chumba. Wali wenye tui, wakati mwingine kunde, wakati mwingine kipande cha samaki wa kupaka kilichofichwa chini ya wali. Aliliweka, akaondoka bila kunena. Mama yake alikuwa amemkataza, nami nilisikia akikatazwa. Basi chakula hiki kilitoka wapi kama si kwa ruhusa yao? Nilikuwa nimesikia habari za wanawake waliolishwa vitu wakasema maneno wasiyoyataka. Nililibeba bakuli hadi nyuma ya nyumba nikawamwagia kuku. Tumbo langu likilia, nikatazama kuku wakila samaki wa kupaka. Miaka mingi baadaye, tukiwa wazee, nilikiri jambo hilo kwa Mwanatumu, nikidhani nitamvunja moyo. Akasema alijua. Kuku wa mama yake walikuwa wakimfuata kutoka jikoni hadi mlangoni kwangu. Nikamwuliza kwa nini hakuacha. Akafikiri kidogo, akasema alikuwa akipunguza sahani yake mwenyewe, na kama mimi sikula ni hiari yangu, lakini yeye asingeweza kula yote huku akijua mtu yuko nyuma ya ukuta.

Aliyechoka ni Hamisi. Ramadhani ilikuwa inakaribia na Mzungu wake alikuwa akiulizia. Na mimi, kwa ushauri wa Bi Salama, nikatangulia mbele: mke asiyelishwa ana haki ya kushtaki, na kwenda kwa kadhi si kuasi. Kadhi alipokuja Msambweni nilienda kumweleza kwamba nina mume na sina chakula. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakunionea huruma wala ubaya. Akamwita Hamisi.

Chumba kilikuwa na meza moja, kabati la vitabu na mkeka. Hamisi alikuja na kalamu zake mbili. Alikubali kwamba hakunilisha. Akasema sababu ni kwamba nimekataa kumrudishia minazi ambayo aliniazima tu nipate mbata zake. Mahari, alidai, ilikuwa shilingi, na imekwisha kulipwa. Kadhi akauliza hati ya ndoa. Hamisi akasema ilikuwa sandukuni na mchwa wameila. Sikuwahi kuona mchwa katika nyumba ile.

"Mna mashahidi?" kadhi akauliza.

Wa nikaha walikuwa wawili. Mmoja alikwisha kufa. Wa pili, Mzee Omari, jirani yetu, alikuja akiegemea fimbo akasema alisikia minazi arobaini. Bi Salama akasema naye alikuwapo chumbani kwa wanawake akasikia hivyo hivyo.

Kadhi akamwandika, kisha akaweka kalamu. "Katika mali, mwanamume mmoja na wanawake wawili. Nina mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ushahidi haujatimia. Mdai ana mwingine?"

Sikuwa naye. Wanawake wengine waliokaa karibu na dirisha siku ile wakasikia walikuwa jamaa zake Hamisi. Nikatikisa kichwa, na kichwani nikaona minazi yangu ikianguka mmoja mmoja.

"Na wewe?" kadhi akamwuliza Hamisi.

"Ninaye. Dada yangu alikuwapo."

Mwanatumu aliingia amejifunika kanga mbili, mikono imeshikana mbele. Hakunitazama. Kadhi akamwapisha, akamwuliza amekuja kusema nini.

"Nimeambiwa niseme minazi aliazimwa."

"Sikuulizi umeambiwa nini," kadhi akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Nakuuliza unajua nini."

Mwanatumu akaikaza kanga yake ya juu. Kisha akasema, akitazama mkeka, "Nilikuwa nimekaa na bi harusi. Dirisha lilikuwa wazi. Khatibu alisema mahari ni minazi arobaini ya Diani, akarudia mara mbili. Kaka akasema nimekubali. Shilingi hazikutajwa."

"Mwanatumu," Hamisi akasema.

Kadhi akaandika. Alipomaliza akamwambia Hamisi kwamba mke ni wake, amlishe, na minazi ni ya mke, asiiguse. Hamisi akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Basi nimemwacha," akasema. "Talaka moja." Kadhi akamwuliza kama anajua anachosema. Akasema anajua. Ikaandikwa: minazi yangu, na nafaka ya eda miezi mitatu, nikae nyumbani kwake hadi eda iishe kama sheria inavyotaka. Sikulia wala sikufurahi. Nilikuwa nawaza kwamba ndani ya miezi hiyo mitatu angeweza kunirejea kwa neno moja, na yote yakaanza upya.

Miezi hiyo mitatu ilikuwa mirefu kuliko ile mitano. Unga sasa uliletwa, kwa amri, nami nikaupika peke yangu. Kila Hamisi alipoketi ukumbini karibu na mlango wangu na kusafisha koo, nilingoja neno lile la kunirejea. Na kila alipoketi, Mwanatumu alitokea na ukili wake, akanyoosha miguu katikati ya ukumbi, akasuka mkeka hadi kaka yake akaondoka. Leo nadhani alikuwa akinilinda. Wakati ule niliona kwamba ananipeleleza. Ushahidi wake sikuuelewa. Mtu hamwachi nduguye bure, nilijiambia, lazima ana lake, labda anataka nimkatie minazi kumi. Nilingoja aje kudai. Siku eda yangu ilipoisha nilifunga nguo zangu kwenye mkeka, nikamuaga Bi Salama, nikapita mbele ya Mwanatumu aliyekuwa akifagia ua, nikatoka bila kumwambia kwaheri. Kabla ya mwaka kuisha nikasikia wamemwoza kwa haraka kwa mtu wa Jego, mbali, mtu mzima ambaye hakuna aliyemjua vizuri.

Minazi niliitunza mwenyewe. Nilijifunza bei ya mbata, nikajifunza pia herufi za Kizungu, Bi Salama akija Diani kunifundisha kwa sindano juu ya vumbi la sakafu. Mzungu alijenga nyumba yake kiwanja cha pili. Niliolewa tena, na mbele ya khatibu nilitaka nakala yangu ya hati, jambo lililomchekesha kila mtu isipokuwa mimi.

Uhuru ulikuwa umekwisha kuja Mwanatumu aliposimama mlangoni kwangu Diani, viatu mkononi, miguu ina vumbi la safari. Kabla sijamkaribisha nilimwuliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna," akasema. "Mume wangu ameondoka mwaka wa pili huu, hanilishi, na nduguze wananiambia niombe kuachwa. Nimekuja kukuuliza ni maneno gani nisiyatamke."

Nikamkalisha. Nikampikia, akala, nami nikala naye. Tulipomaliza kula nilimwuliza lile ambalo miaka yote lilinikaa kifuani: kwa nini, siku ile kwa kadhi, alisema vile? Alionekana kushangaa, kama nimemwuliza kwa nini maji humwagika.

"Si niliapishwa?" akasema.

Nilikwenda naye kwa kadhi. Alikuwa mwingine, na karani wake kijana, mwenye daftari kubwa. Akaandika jina la Mwanatumu, la mumewe, la kijiji, kisha akaninyooshea kalamu. "Na huyu ni nani yako?" Mwanatumu akanigeukia.

"Mimi ni wifi yake," nikasema.

"Dada wa mumewe?"

"La. Nimeolewa na kaka yake."

"Yuko wapi kaka yake?"

"Aliniacha zamani."

Karani akaweka kalamu chini. "Basi mama, si wifi tena."

"Mwanangu," nikamwambia, "andika wifi."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akaandika. Niliinama juu ya meza nikalisoma neno lile, herufi kwa herufi, hadi nikaridhika kwamba ndilo.